Sabuni Mbili, Nepi Moja

Majirani na wazazi wenzangu, haya ninayowasimulia sikuambiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, nikiwa nimeegemea ukuta unaonifika kifuani. Na kwa kuwa nami nina sehemu yangu ya lawama, nitaitaja zamu yake ikifika. Msinikimbize.

Sisi na jirani zetu tunatenganishwa na huo ukuta tu. Upande wao wa ua kuna bomba linalotoa maji siku tatu kwa wiki, mapipa mawili ya buluu ya kuhifadhia maji, na kamba mbili za kuanikia nguo. Jumamosi hiyo ya kwanza bomba lilikuwa linatoa. Bibi Dobi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi, beseni katikati ya miguu, anafua huku anaimba wimbo ambao alikuwa amesahau nusu ya maneno yake. Mkwewe, Mama Bonge, alikuwa anaanika. Bonge mwenyewe, mwenye miezi mitano, alikuwa amelala chali kwenye mkeka anatafuna kibanio cha nguo. Mtoto huyo alipewa jina hilo kwa haki. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo ambayo baada ya kuoga ilibidi uifungue mmoja mmoja ili kuikausha. Baba yake, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu anatengeneza majokofu, alikuwa mlangoni anakunywa chai na kuwatazama wote watatu kama mtu aliyemaliza kazi zake zote duniani.

Nikasema moyoni, hii nyumba imetulia.

Bibi Dobi alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali miaka ishirini na minane. Alipostaafu akaendelea kutengeneza sabuni ya kipande, ile ile aliyokuwa akiiuza jioni baada ya kazi tangu mumewe alipofariki. Anachuja mafuta kwa kitambaa, anayeyusha soda kali kwenye maji, anakoroga, anamimina kwenye visanduku vya mbao, kisha anaacha vipande vikomae rafuni mwezi mzima. Bonge alipozaliwa, alihamia kwa mwanawe ili Mama Bonge aweze kurudi kazini. Mama Bonge ni karani kwenye ofisi ya maji, na siku bomba likikauka hatumwachi apumzike. Yeye hufulia sabuni ya unga ya dukani, ile ya boksi lenye picha ya maua, na ukipita karibu na kamba yake unaweza kudhani umeingia harusini.

Basi, Mama Bonge akainama kumbadilisha mtoto nepi. Akamwita mama mkwe.

"Mama, hebu tazama hapa."

Bibi Dobi akasogea. Kwenye kinena na nyuma ya mapaja kulikuwa na vipele vyekundu, vidogo, vimesongamana.

"Joto hilo," akasema Bibi.

"Joto gani linafuata mstari wa nepi, mama? Hii ni sabuni. Yako ina soda."

"Na yako ina nini? Lete boksi unisomee."

Mama Bonge akalileta kweli. Akasoma neno la kwanza, la pili, la tatu likamkwama. Bibi Dobi akafuta mikono kwenye magoti.

"Umeona? Mimi yangu ina vitu vitatu, nakutajia hata nikiwa usingizini. Mafuta, maji, soda. Ikikomaa haiumi mtu."

"Ya dukani imepimwa, mama. Ina kiwanda, ina tarehe. Yako unaipima na kikombe kilichovunjika mkono."

"Kikombe hicho ndicho kilichomsomesha mumeo."

Hapo Fundi akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja akaingia ndani.

Sasa sikilizeni alichokifanya, kwa sababu mzizi wa habari yote uko hapa. Mimi nilikuja kukijua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe. Alimfuata mama yake jikoni akamwambia, "Mama, nimeshaongea naye. Nguo za mtoto utafua wewe, kwa sabuni yako. Ila usimtajie, ataona aibu." Baadaye akamfuata mkewe chumbani akamwambia, "Nimeshaongea na mama. Amekubali tutumie ya dukani. Ila usimkumbushe, unajua alivyo." Halafu akatoka na begi la vifaa kwenda kutengeneza jokofu la watu, moyo mweupe kabisa.

Jumatatu ikaanza. Mama Bonge akaenda kazini saa moja asubuhi. Bibi akafua nepi zote kwa sabuni yake, akaanika. Saa kumi Mama Bonge akarudi, akaenda kwenye kamba, akashika nepi moja akainusa. Haikunukia maua. Akajua ni ya kipande. Akafikiri mama mkwe amekubali mdomoni na kukataa mkononi. Hakutaka ugomvi, ni mwanamke mwenye adabu. Akazianua kimya kimya, akazifua upya kwa sabuni ya unga, akaanika. Kesho yake asubuhi Bibi akaja kuanua, akanusa. Maua. Akafikiri huyu binti amenikubalia mbele ya mume, nyuma anafanya yake. Naye hakutaka ugomvi. Akajaza beseni.

Na maji yenyewe, mnajua hali ilivyo. Bomba likifungwa unaishi kwa pipa, na pipa ni la kupikia, la kuogea na la kila kitu. Kwa hiyo kufua kulipata beseni lake, na kusuuza kukapata beseni moja tu la maji, mzigo mzima. Nepi ya kwanza inasuuzwa kwenye maji, ya ishirini na nne inasuuzwa kwenye povu la wenzake. Kisha zinakauka, zinanuswa, zinafuliwa tena.

Nilikuwa naona. Hii ndiyo lawama yangu, nimefika. Niliona nepi zilezile zikipanda kamba asubuhi na kupanda tena alasiri, nyingine hata mtoto hajazivaa. Nikamwambia mume wangu mezani, "Nyumba ile ina mtoto mmoja anayefuliwa kama mapacha." Tukacheka. Siku moja nikamuuliza Bibi Dobi juu ya ukuta, "Bibi, tena leo?" Akaniambia, "Watoto wanachafua, jirani." Nikamuuliza Mama Bonge alasiri hiyo hiyo, "Hujachoka na kazi, unafua tena?" Akasema, "Acha tu, jirani. Nikifungua mdomo nitasema vibaya." Ningeuliza swali moja zaidi, ningeuliza tu, "Kwani mwenzako hakufua asubuhi?" Sikuuliza. Nilikuwa na stashahada yangu ya sayansi kimu ukutani, na kunde zangu jikoni, nikarudi kwenye kunde.

Vipele vikaongezeka. Kila mmoja alipoviona alijua ni kosa la sabuni ya mwenzake, kwa hiyo akaongeza yake ili kuiondoa ile. Mama Bonge aliyekuwa akitia kipimo kimoja cha unga akatia viwili. Bibi aliyekuwa akipaka kipande mara moja akapaka mpaka nepi inateleza mkononi. Wiki ya tatu ngozi ya Bonge ilikuwa imechubuka na mahali pengine ilitoa maji. Mtoto aliyekuwa analala kama gunia akawa anashtuka kila saa. Kibanio chake kikabaki mkekani, hakitafunwi.

Alhamisi asubuhi Mama Bonge hakwenda kazini. Nilikuwa nachota maji upande wangu nikawasikia.

"Mama, nakuomba. Sijawahi kukukataza kitu kwenye nyumba hii. Lakini sabuni yako imemchubua mwanangu, na mimi siwezi tena kukaa ofisini najua anaungua huku."

"Mwanao ni mjukuu wangu," akasema Bibi Dobi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilinitisha kuliko kama angepiga kelele. "Nimefulia watu walioungua moto, watu waliotoka kupasuliwa. Miaka ishirini na minane hakuna aliyesema dobi amenichubua. Leo nimeambiwa nyumbani kwa mwanangu."

"Sijasema kwa ubaya, mama."

"Hata kwa uzuri, nimesikia."

Akaingia ndani. Akatoka na begi lake, nguo zimekunjwa vile anavyokunja yeye, pembe kwa pembe, na juu yake ameweka vile visanduku vya mbao vya sabuni. Akasema anakwenda kwa binti yake, dada yake Fundi, na mtoto atafutiwe mlezi mwenye sabuni nzuri. Mama Bonge alisimama katikati ya ua analia bila kujifuta, lakini hakumwambia abaki. Nami nilisimama na ndoo yangu upande wa pili. Ninyi mnaosema mngeingilia, haya, ukuta ni huo.

Bibi akainama kumbeba Bonge amuage. Akamweka shavuni. Hapo hapo begi likamponyoka begani, visanduku vikatawanyika chini.

"Mama Bonge. Mtoto anachemka."

Hakuna aliyetaja sabuni tena. Niliacha ndoo nikazunguka ukuta kwenda kwao; Mama Bonge alitafuta kiatu kimoja mpaka nikampa changu. Nikabeba mfuko wa mtoto, Bibi akambeba Bonge, tukaenda zahanati sisi watatu kwa mwendo ambao magoti ya Bibi yalikuwa hayajauona kwa miaka mingi.

Muuguzi alikuwa mama mfupi, miwani imepandishwa kichwani. Alimvua mtoto, akatazama, akapima joto, akauliza bila kunyanyua macho.

"Nguo zake anafua nani?"

"Mimi," akasema Bibi Dobi.

"Mimi," akasema Mama Bonge.

Walisema pamoja. Wakageuka wakatazamana.

"Mnapokezana?" akauliza muuguzi.

"Hapana," wakasema, pamoja tena.

Basi nikajua ni mimi ninayesubiriwa, hata kama wao hawakujua. Nikasema, "Nesi, mimi ni jirani. Bibi anafua asubuhi kwa sabuni aliyotengeneza. Mama anarudi kazini anazifua zilezile kwa sabuni ya unga. Kesho yake tena hivyo. Nimeziona kwenye kamba wiki ya tatu sasa."

Muuguzi akashusha miwani machoni. "Nipeni nepi iliyo safi."

Nikatoa moja kwenye mfuko, nyeupe, kavu, imekunjwa. Akaitia kwenye karai tupu, akafungulia bomba, akaikamua mara mbili kwa mkono mmoja. Povu likatoka. Povu jeupe, zito, likapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono wake. Hakukuwa na sabuni yoyote chumbani mle.

"Hamkumvalisha nepi huyu," akasema. "Mmemvalisha sabuni. Akikojoa inaloa, inamla ngozi. Ngozi imechubuka, wadudu wameingia, ndiyo homa hii. Mngekaa siku mbili nyingine ningekuwa namtafutia kitanda."

Mama Bonge ndiye aliyeanza.

"Lakini mume wangu aliniambia mama amekubali ya dukani."

"Nani kakubali?" Bibi akamgeukia. "Mimi aliniambia wewe umeniachia ufuaji wote. Akasema nisikutajie, utaona aibu."

"Mimi akaniambia nisikukumbushe. Eti najua ulivyo."

"Nikoje?"

Bibi Dobi akatazama lile karai la povu, akaketi kwenye benchi taratibu. "Hospitali tulikuwa na kifungo cha shati," akasema, kama anajisemea. "Cheupe. Tunakitupa kwenye maji ya mwisho. Ukiona matundu yake yote manne, shuka linaanikwa. Usipoyaona, unasuuza tena. Nimefundisha wasichana wangapi kazi hii. Na kwa mjukuu wangu nilikuwa nahangaika kushinda, sikutazama hata maji." Akavuta pumzi. "Na tuseme yote. Kile kipande cha mwisho kilikuwa na siku tisa rafuni. Sikungoja mwezi. Nilikuwa na haraka ya kufua kabla yako."

"Mimi nilikuwa natia vipimo viwili," akasema Mama Bonge. "Boksi limeandika kimoja. Nilitaka harufu yako isibaki."

Bibi akanyoosha mkono akamshika mkwewe kiganjani. Ngozi za viganja vyote viwili zilikuwa zimekauka na kupasuka pasuka. Hata mikono yao ilikuwa imewaambia, wao hawakuisikiliza.

Tukapewa dawa ya kunywa na ya kupaka, tukaambiwa mtoto akae bila nepi kadiri inavyowezekana, turudi kesho aonekane. Ijumaa homa ilikuwa imeshuka. Jumamosi Bonge aliamka akatafuta kitu cha kutafuna, akakosa, akaanza na kidole gumba cha bibi yake.

Fundi je? Alhamisi ile ile alirudi alasiri na bisibisi mfukoni, akawakuta mama yake na mkewe wamekaa bega kwa bega kwenye ngazi ya mlango, mtoto amelala katikati. Alitabasamu. Maskini, alidhani mambo yamekwisha.

"Kaa," akasema mama yake.

"Nimesimama tu, mama, nimekaa kutwa."

"Kaa."

Akakaa chini. Walimuuliza alichosema jikoni, kisha alichosema chumbani. Akatazama vidole vyake.

"Nilitaka amani," akasema.

"Mimi ulinipa amani yangu," akasema Bibi Dobi, "mwenzangu ukampa yake. Mtoto ukampa nini?"

Fundi akamtazama Bonge, zile sehemu zilizopakwa dawa, akaanza kulia. Lakini sisi si watu wa kumaliza mambo kwa machozi, na bomba lilikuwa limefunguliwa siku hiyo. Mkewe akamletea mabeseni matatu na nepi ishirini na nne. Sabuni hapana. Kusuuza tu, maji mapya kila mara. Akasuuza mpaka suruali ikalowa kiunoni. Maji ya kwanza yalikuwa kama maziwa. Ya pili kama ukungu. Ya tatu akaona yanatosha akaanza kuinuka.

Bibi Dobi akang'oa kifungo kwenye shati kuukuu, akakitupa ndani.

"Unakiona?"

"Nakiona, mama."

"Na matundu yake?"

Fundi akainama. "Mawili."

"Yako manne. Mwaga, jaza upya."

"Mama, maji haya ni mengi."

"Mkeo yuko ofisi ya maji. Malalamiko yako yapeleke Jumatatu, dirisha la pili," akasema Mama Bonge mwenyewe, na hapo ndipo nilipowasikia wakicheka wote wawili kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Wakati Fundi anahesabu matundu, wao wakaanza kuamua sabuni, na mtashangaa, wakabishana upya. Bibi alisema zifuliwe kwa ya dukani, isiyo na manukato, kipimo kimoja. Mama Bonge alisema hapana, tungoje kipande cha mama kikomae, hicho hakina manukato na tunajua kilichomo ndani. Bibi akasema ya dukani imepimwa. Mama Bonge akasema kikombe kile kimesomesha mtu. Nikawaambia kutoka kwenye ukuta kwamba nitawatenganisha kwa ufagio. Mwisho wakakubaliana: ya dukani isiyo na harufu kwa mwezi huo, kisha kipande cha Bibi, kimoja kwa wakati, na anayefua asubuhi ndiye anayeanua.

Visanduku vya mbao vikaokotwa uani, vikarudi rafuni. Mama Bonge ameandika tarehe kwa mwandiko wake wa ofisini na chini yake: "Haiguswi kabla ya mwezi, hata na mwenyewe." Begi la Bibi liko chini ya kitanda, ndani wanaweka nepi ambazo Bonge ameshazizidi kimo.

Funzo

Watu wananiuliza kila siku, sabuni ipi bora, ya kutengeneza au ya kununua. Zote zinafaa na zote zinaweza kuumiza. Ukitengeneza mwenyewe, pima vizuri na uiache ikomae, soda haina haraka yako. Ukinunua, soma boksi na utie kile kilichoandikwa, na kwa mtoto mchanga epuka manukato. Chagua moja. Halafu suuza, kwa sababu nepi inayotoa povu kwenye maji matupu haijafuliwa bado, hata ikiwa nyeupe namna gani.

Lakini sikuwaita hapa kwa ajili ya sabuni peke yake. Mama mkwe na mkwe, mkinyamaziana kwa adabu, adabu hiyo inamwangukia mtoto. Semeni, hata kama mtasema vibaya. Baba wa nyumba, usimpe kila mtu jibu analolitaka kisha ukaondoka na begi lako la vifaa. Kaa nao hapo hapo mpaka wasikie jambo moja kwa pamoja. Na wewe jirani unayeona kitu juu ya ukuta ukakigeuza kuwa kichekesho cha mezani, swali moja lingetosha. Mimi sikuliuliza, na mtoto akaumia wiki tatu.

Kifungo kile Bibi Dobi alinipa baadaye. Nimekifunga kwa uzi kwenye beseni langu. Nikisuuza nakitazama, na kabla sijaanika chochote nahesabu matundu manne.